Kusimama Si Kupumzika

Simu iliingia Ijumaa asubuhi, Mlima Meru ukiwa bado umejifunika wingu mpaka kiunoni. Alikuwa jirani yangu wa Sakina, mjane wa rafiki yangu wa miaka mingi, ambaye tangu alipoolewa ananiita shemeji. "Shemeji, kijana amekuja kutoka Dodoma. Anataka kuwasha gari ya baba yake. Naomba uje kabla hajaanza." Chai niliiacha mezani.

Gari lenyewe ni Toyota RAV4, otomatiki, lililosimama chini ya mparachichi tangu siku tuliyorudi makaburini, miezi kumi na minne iliyopita. Majani yalikuwa yameoza chini ya waipa, kutu nyekundu imetanda kwenye disiki za breki, na tairi moja la nyuma limeishiwa upepo hadi rimu inakaribia ardhi. Ndani, kiti cha dereva kilikuwa kimesukumwa nyuma kabisa, vile vile marehemu alivyokiacha, maana alikuwa mtu mrefu. Kijana alikwisha kuegesha gari la rafiki yake mbele ya hilo, pua kwa pua, waya za kubusti ziko mkononi.

"Shikamoo baba mdogo. Ni betri tu hii. Dakika tano tunaondoka."

"Marahaba mwanangu. Zima kwanza hilo gari lako, tuzungumze."

Ni betri tu. Maneno hayo nimeyasikia maisha yangu yote, na mara nyingi walioyasema walikuwa na hakika kabisa. Betri ndiyo inayokufa kwanza, kwa hiyo ndiyo inayobebeshwa lawama yote. Lakini miezi iliyoiua betri haikuiacha petroli salama, wala oili, wala breki, wala matairi. Tunaamini kwamba gari likisimama linapumzika, kama mtu aliyelala akaamka na nguvu mpya. Mimi nimefundishwa kinyume chake mara tatu, na kila mara ada ilikuwa kubwa. Nilipoinama kuchungulia chini ya gari la rafiki yangu, mafunzo yote matatu yalinirudia kwa zamu.

La kwanza lilinipata nikiwa mtoto, kijijini kwetu juu ya Tengeru, upande wa mlima ambako migomba na mibuni hupandwa shamba moja. Baba alikuwa na Land Rover 109 ya petroli. Ilibeba maziwa, ndizi, magunia ya kahawa, wagonjwa na maharusi. Mwaka 1981 ilisimama. Haikusimama kwa ubovu mkubwa. Betri ilikufa, matairi mawili yakaisha, na Arusha nzima hapakuwa na duka la kuyapata bila kibali na foleni ya miezi. Wanaokumbuka miaka ile wanajua. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa imevunjika mwaka 1977, na tangu Februari ya mwaka huo mpaka wa Namanga ukawa umefungwa. Vita vya Kagera vikafuata, fedha za kigeni zikakauka, mafuta yakawa haba kiasi kwamba Jumapili kuanzia saa nane mchana magari binafsi yalikatazwa barabarani. Baba akaipandisha Land Rover juu ya mawe, akaifunika turubai. Kuku wakapata pa kutagia.

Mpaka ulifunguliwa Novemba 1983. Mwanzoni mwa mwaka uliofuata ndugu yetu mmoja akarudi kutoka Nairobi na betri mpya imefungwa kwenye gunia, na matairi mawili juu ya basi. Kijiji kilikusanyika. Wazee walikuja na viti vyao. Sisi watoto tulikwisha kugawana nafasi za kukaa nyuma. Sote tulingoja Baba afunge betri, agonge stata, na tushuke mpaka Tengeru kwa kelele.

Siku ile hakufunga betri. Alifungua boneti, akafukuza kuku, akachomoa plagi zote nne na kuzipanga juu ya kitambaa. Kisha akachukua kijiko cha jikoni, kile tulichokorogea uji, akamimina oili kidogo ndani ya kila tundu la plagi. Akafunika matundu na kitambaa, akasema, "Sasa tunalala." Watu walitawanyika wakinung'unika. Mama alimuuliza jioni kama kuna jambo baya. Akajibu kwamba kuta za silinda zimekauka. Kwa miaka mitatu oili yote imeshuka chini kwenye sampu, na chuma kwa chuma havina kitu katikati.

Asubuhi aliniita, akaniwekea mikono kwenye hendeli, ule mkongojo wa chuma unaoingizwa kwa mbele chini ya rejeta. Nilikuwa na miaka kumi na miwili. Nilikishika chuma kile kama watu wanavyoshika jembe, vidole upande mmoja na dole gumba upande wa pili. Akanishika dole gumba, akalihamishia upande wa vidole vingine. "Injini ikirudisha, hendeli itateguka nyuma. Dole gumba likiwa limefunga, linavunjika. Likiwa hivi, mkono unaachia wenyewe." Kisha akasema, "Zungusha polepole. Usishindane nayo. Isikilize."

Nilizungusha. Mwanzoni haikwenda. Baba akaongeza mkono wake juu ya wangu, tukasukuma na kuachia, tukasukuma na kuachia, mpaka kitu ndani kikalegea na kutoa mlio mwembamba wa hewa, kama mtu anayepumua kwa taabu. Robo mzunguko, nusu, mzunguko mzima. Nilipozungusha mara ya kumi mlio ulikuwa laini na mikono yangu ilikuwa inajua uzito wa kila pistoni. Hilo silisahau. Stata ingeitikisa injini ile kwa nguvu zake zote bila kumwambia mtu chochote. Hendeli ilituambia kila kitu.

Yaliyobaki yalichukua siku mbili. Bakuli la kabureta lilikuwa na utando wa rangi ya kahawia, mgumu kama asali iliyoganda, na petroli iliyobaki tangini ilinuka kama rangi ya milango. Petroli ikikaa miezi mingi, sehemu yake nyepesi huruka hewani, ile inayoshika moto upesi, na inayobaki huwa gundi. Kwenye kitundu cha kupumulia cha tangi, nyigu walikuwa wamejenga nyumba ya udongo. Kama Baba asingekitazama, gari lingewaka, lingekwenda kilomita mbili, kisha lingezima kwa kukosa mafuta ilhali tangi limejaa. Siku ya tatu ndipo alipofunga betri. Land Rover iliwaka kwa moshi mweupe uliofika mpaka kwa majirani, na wazee wakapiga makofi.

Nilichojifunza hakikuhusu kabureta. Nilijifunza kwamba kitu kilichosimama muda mrefu hakiko pale ulipokiacha. Kimekwenda mahali fulani bila wewe, na kabla ya kukiamuru kirudi, huna budi kujua kimefika wapi.

Somo la pili lilinipata katika gereji moja ya Unga Limited, mwaka 1992, nikiwa spanaboi. Kiwanda cha unga kilichoupa mtaa jina kiliwavuta mafundi wa kila aina, na katika vibanda vile ilitengenezwa nusu ya magari ya mji huu. Asubuhi moja ililetwa kazi ya haraka. Mwenye Peugeot 504 alikuwa anamwoza binti yake wiki ile, na gari lilikuwa limesimama uani miezi minane. Alitaka libebe wazee kwenye sherehe. Tulipofika kwake tulikuta mtu aliazima nyumba ya filta ya hewa na hakuirudisha. Mdomo wa kabureta ulikuwa wazi, umefunikwa gazeti tu, na masika yalikuwa yamepita juu yake yote.

Nililiona gazeti lile. Lilikuwa limelowa na kubonyea katikati. Nikakumbuka kijiko cha uji, nikakumbuka hendeli, na nilijua tunapaswa kuchomoa plagi kwanza. Lakini fundi mkubwa alikwisha kusema "ni betri tu," mwenye gari alikuwa anatazama saa, na mimi nilikuwa kijana wa kushika spana. Nikanyamaza. Betri ilipofungwa stata ilitoa mlio mmoja wa "ta!" na kugoma. Fundi akasema tuivute. Wakafunga kamba nyuma ya pikapu, mimi nikawekwa nyuma ya usukani, gia namba mbili, mguu kwenye klachi.

Pikapu ilipochanganya mwendo, nikaachia klachi. Magurudumu ya nyuma yaliburuza vumbi, gari likashtuka, na kutoka ndani ya injini ukaja mlio ambao siwezi kuufananisha na kitu kingine, mlio wa chuma kinachopinda.

Tulipofungua, silinda moja ilikuwa na maji. Hewa inashindilika, ndiyo maana injini inafanya kazi. Maji hayashindiliki. Pistoni ilipanda, ikakuta maji hayana pa kwenda, na konrodi, ule mkono unaoishika pistoni, ukapinda kama msumari uliopigwa vibaya. Kama tungechomoa plagi nne, kazi ya dakika kumi, maji yangeruka nje na gari lingekuwa zima. Harusi ilipita gari likiwa limefunguliwa vipande. Mwenye nalo alikuja siku iliyofuata akiwa bado na suti, akasimama mbele ya injini ile bila kusema neno. Ukimya wake ulinichoma kuliko matusi.

Kwa miaka mingi nililiita somo la nguvu na haraka. Ni kweli, kusukuma na kuvuta kumewaua wagonjwa wengi waliohitaji kupimwa. Lakini kadiri ninavyozeeka naona somo lilikuwa jingine. Mimi nilikuwa najua, na sikusema. Heshima kwa mkubwa ni jambo jema, na nimeilea kwa wanangu, lakini heshima inayomwacha mkubwa avunje kitu mbele ya macho yako imepoteza maana yake. Tangu siku ile, nikiona gazeti limelowa, nasema.

Somo la tatu lilikuwa refu kuliko yote, na wengi wa Arusha walilisoma pamoja nami. Kufikia mwaka 2020 nilikuwa nimeendesha watalii zaidi ya miaka ishirini, Tarangire, Manyara, Ngorongoro, Serengeti, nikiwa na Land Cruiser ya paa la kunyanyuka, injini ya 1HZ, dizeli ya silinda sita ambayo madereva wa mji huu wanaijua kama wanavyojua majina ya watoto wao. Tarehe 16 Machi mwaka huo Waziri wa Afya, Ummy Mwalimu, alitangaza mgonjwa wa kwanza wa korona nchini, msafiri aliyetua uwanja wa ndege wa Kilimanjaro na kufikia hapa hapa Arusha. Ndani ya wiki mbili simu za ofisini zikawa za kufuta safari tu. Aprili ndege za abiria za kimataifa zikasimamishwa. Anga lilifunguliwa tena tarehe 18 Mei, lakini wageni hawakuja kwa sababu kwao kulikuwa kumefungwa. Mwaka 2019 Tanzania ilipokea watalii zaidi ya milioni 1.5. Mwaka 2020 walifika takriban 620,000.

Kampuni niliyoitumikia iliwaachia madereva waende makwao, ikabakiza watatu kulinda yadi ya Njiro. Mimi nilikuwa mmoja wao. Magari kumi na moja yalisimama safu mbili. Masika yalipokwisha, majani yalifika kwenye bampa.

Fedha ya kuyahudumia yote haikuwapo. Tukakubaliana tushike machache tunayoyaweza, tukachagua manne. Hayo tuliyawasha kila wiki na kuyatembeza mpaka injini ichemke na oili ifike juu, tukayabadilisha mahali pa kusimama ili tairi lisilalie upande mmoja. Saba yaliyobaki tuliyachomoa waya wa hasi wa betri, tukayaegesha kwenye gia na mawe nyuma ya magurudumu, hendibreki ikiwa chini, kisha tukayaacha.

Safari za kwanza za wageni zilipoanza kurudi, tofauti kati ya manne na saba ilikuwa kama ya nyumba inayokaliwa na gofu. Arusha iko mita zipatazo 1,400 juu ya usawa wa bahari. Mchana wa jua na usiku wa baridi, hasa Juni na Julai, hulitoa jasho tangi lililo nusu tupu. Unyevu wa hewa iliyo ndani hugeuka matone, matone huteremka ukutani, na kwa kuwa maji ni mazito kuliko dizeli, hulala chini kabisa, pale pale mafuta yanapovutwa. Kwenye mpaka wa maji na dizeli huota vijidudu. Nilipofungua koki ya chini ya filta ya gari la kwanza, yalitoka maji, kisha ute mweusi kama makamasi, kisha ndipo dizeli. Klachi mbili zilikuwa zimegandia kwenye flaiwili. Panya walikuwa wametafuna waya wa taa. Betri tano kati ya saba zilikataa chaji. Betri nzima iliyojaa hupima volti 12.6 au zaidi kidogo. Ikiachwa tupu muda mrefu, salfeti hugeuka fuwele ngumu juu ya bamba zake, na hakuna chaja itakayozirudisha zilivyokuwa.

Nakumbuka gari la mwisho kati ya yale saba. Tulisafisha tangi, tukaweka filta mpya na dizeli safi, kisha nikaanza kazi ya kutoa upepo. Juu ya filta ya 1HZ kuna pampu ndogo ya mkono. Mwanzoni unaibonyeza na inalegea tu, hewa inatembea kwenye mipira, unasikia mapovu. Unabonyeza mara thelathini, arobaini, kiganja kinauma. Kisha, ghafla, inakuwa ngumu. Inagoma chini ya kiganja, na hapo unajua mafuta yamefika. Nilipogeuza ufunguo nikangoja taa ya hita izime, nikapiga stata, iliitikia kwa silinda tatu kwanza, ikakohoa, ya nne ikaingia, ya tano, ya sita. Wenzangu wawili hawakushangilia. Mmoja alikuwa anafuta macho.

Maana hayakuwa magari peke yake yaliyokuwa yamesimama. Madereva wapatao thelathini niliowafahamu kwa karibu walikuwa nyumbani. Wengine walikodi mashamba wakalima nyanya, wengine wakauza mitumba soko la Kilombero, wengine wakaendesha bodaboda. Na wengine walikaa. Hao waliokaa wakingoja simu ndio walioumia zaidi. Mmoja, dereva hodari kuliko mimi, alikaa miezi minane kwenye kochi, na alipoitwa kazini hakuweza kumaliza safari ya kwanza. Alisema majina ya ndege yamemtoka, na akili haiko barabarani. Mwingine alikuwa na desturi iliyotufanya wengine tumtazame kwa mshangao. Kila Jumatatu alipiga pasi sare yake ya kaki, akaivaa, akatembea mpaka Ziwa Duluti na darubini, akahesabu ndege na kuandika daftarini. Hapakuwa na mgeni wala mshahara. Mwaka uliofuata alirudi kazini kana kwamba hakuwahi kutoka.

Mtu si mashine, na sitaki kumfananisha nayo. Lakini nimeviona vyote viwili vikisimama yadi moja, mwaka mmoja, na sina namna ya kukana nilichokiona. Kazi huchosha, na uchovu hutoka kwa usingizi wa usiku mmoja. Kukaa bila mwendo huharibu kimyakimya, na aliyekaa hajui mpaka siku anapoitwa.

Kwa hiyo pale Sakina nilimweleza kijana tutakachofanya, na sababu ya kila hatua, kama Baba alivyonieleza mimi. Alipendekeza tulisukume. Nikamwambia gari la otomatiki haliwaki kwa kusukumwa. Pampu ya oili ya giaboksi huzungushwa na injini yenyewe, na injini ikiwa imezima magurudumu hayana kamba ya kuishikia. Waya za kubusti tukazirudisha kwenye buti. Zina kazi yake, nyekundu kwa chanya, nyeusi mwisho wake kwenye chuma cha injini mbali na betri, kwa sababu betri inayochajiwa hutoa gesi inayoweza kushika cheche. Lakini hapa kulikuwa na maswali ya kuulizwa kabla ya umeme.

Tulifungua nyumba ya filta ya hewa. Panya alikuwa ametandika humo kitanda cha majani na sufu ya zulia, na watoto wanne wa rangi ya waridi wamelala. Mjane akaleta kopo, akawahamishia kwenye migomba kwa mikono yake. Tukakagua waya mmoja mmoja kwa tochi. Mkanda wa mbele ulikuwa mzima. Oili ilikuwa kwenye kipimo lakini imezeeka, tukaimwaga na kuweka mpya pamoja na filta yake. Tangi lilikuwa karibu tupu, ikawa heri. Tuliinyonya petroli ya zamani, tukaweka lita ishirini mpya. Fundi wa betri aliipima ile ya zamani, akatikisa kichwa, kijana akanunua nyingine. Tairi lililoishiwa upepo nilimwonyesha tarakimu nne ubavuni mwake, 2314. Lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2014. Likijazwa lingesimama vizuri hapo uani, na lingeweza kupasuka njia ya Usa River akiwa mwendo wa themanini.

Tulichomoa plagi, tukaweka oili kidogo kwenye kila silinda, nikatia spana kwenye puli ya chini na kumwita kijana. Nilimwekea mikono yake. "Polepole. Usishindane nayo." Alizungusha, na nilimwona uso ukibadilika alipoisikia hewa ikitoka. Baada ya hapo tulirudisha plagi, tukachomoa fyuzi ya pampu ya mafuta, tukapiga stata kwa sekunde chache chache mpaka taa ya oili ikazima kwenye dashibodi. Oili ilikuwa imepanda juu kabla moto haujawahi kuwaka. Fyuzi ikarudi mahali pake. Geti tulilifungua wazi moshi utoke.

Mara ya kwanza haikuwaka. Mara ya pili ilikohoa. Mara ya tatu ikashika, ikatetemeka, ikatulia. Breki za nyuma zilikuwa zimegandia kwenye ngoma. Tulizigonga kwa nyundo ndogo mpaka zikaachia kwa mlio wa "tak." Ilikuwa Jumamosi saa kumi jioni, siku ya pili ya kazi ambayo kijana alikuwa ameipangia dakika tano.

Mama yake alikuwa amesimama barazani muda wote. Nikamuuliza kwa nini gari lilikaa hivyo, ilhali yeye mwenyewe ana leseni. Alinyamaza kidogo. "Shemeji, niliogopa. Nikiiendesha itakuwa siyo yake tena. Nikasema acha ipumzike."

Nilimjibu kwa upole, kwa sababu na mimi nimempoteza rafiki, mwenye gari lile. Nilimwambia kwamba kuliacha hakukulihifadhi. Miezi ile yote lilikuwa linaondoka kidogo kidogo, petroli yake, betri yake, matairi yake, na kama tungechelewa mwaka mwingine angebaki na bati. Kama hataki kuliendesha, aliuze likiwa zima, na hilo pia ni kulitunza. Akauliza kama itatosha awe analiwasha dakika tano kila Jumapili. Nikamwambia hapana. Kuwasha dakika tano hula chaji ya betri kuliko inavyorudisha, na huacha unyevu ndani ya oili na ekzosi. Injini inataka safari ya nusu saa, ichemke sawasawa. Na bima imekwisha, kwa hiyo ianze bima.

Jumatatu alikwenda kukata bima. Jumamosi iliyofuata nilipita kwake nikakuta mlango wa dereva uko wazi, kijana ameinama anataka kumsogezea kiti mbele. Mama alimzuia mkono. Akaketi vile vile, miguu haifiki, akashika usukani akakaa hivyo kwa muda. Kisha akapeleka mkono chini, akavuta wenzo mwenyewe, na kiti kikasogea.

Siku hizi kila Jumamosi anakwenda sokoni Tengeru na kurudi, nusu saa na zaidi kila upande kwa foleni za mji. Huniletea mkungu wa ndizi. Wiki iliyopita alinipigia kuniambia gari lina mlio mpya upande wa kushoto anapokata kona, na anataka nije niusikilize.